Maswali ya Daktari Ambaye Bado Si Daktari

Mapema Februari 1835, katika chumba cha kupasulia maiti cha hospitali ya St Bartholomew's jijini London, visu vilikuwa vikigoma kukata. Mezani ulilazwa mwili wa fundi uashi mmoja Mwitaliano, mtu wa makamo, na misuli yake ilijaa chembe ndogo nyeupe, ngumu kama mchanga. Kila makali yalipozigusa, yalibutuka. Halikuwa jambo geni. Maiti za namna hiyo zilikwisha kuonekana hapo, na wakubwa walikuwa na maelezo yao tayari: ni vijipande vya mfupa, basi. Mtu alinoa kisu chake, akaendelea na kazi.

Miongoni mwa waliokuwa wakijifunza hapo alikuwamo kijana wa miaka 21, James Paget, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Yeye alikata kipande cha msuli, akakitazama kwa lenzi, akaona kwamba kila chembe ni kifuko, na ndani ya kifuko mna kitu kimejikunja. Hospitali haikuwa na hadubini ya kumfaa. Akafunga safari hadi British Museum kumwomba mtaalamu wa mimea, Robert Brown, amwazime yake. Chini ya kioo kile akauona mnyoo, mdogo mno, umejiviringa kama kamba iliyowekwa stoo.

Siku chache baadaye alisoma habari za mnyoo huo mbele ya chama cha wanafunzi wenzake. Aliyeupa jina la kisayansi ni mwanazuoni mashuhuri Richard Owen, na sifa nyingi zikamwendea yeye. Mwaka 1860 daktari Friedrich Zenker wa Dresden, Ujerumani, alichunguza mwili wa msichana aliyekuwa mtumishi wa nyumbani, akathibitisha kwamba mnyoo ule huua, na kwamba humwingia mtu kwa kula nyama ya nguruwe isiyoiva. Ndipo miji ya Ujerumani ikaanza kukagua nyama ya nguruwe kwa hadubini kabla haijafika buchani.

Zile chembe zilionwa na wengi. Waliozoea kuziona walikuwa wameacha kuziuliza.

Mwanafunzi wa udaktari ni mtu wa mwisho katika msafara wa wodini. Mbele hutangulia daktari bingwa, wakafuata madaktari wa wodi, kisha watarajali walio katika mwaka wao wa mafunzo kazini, halafu muuguzi na faili zake. Yeye yuko nyuma kabisa, koti jeupe bado lina mikunjo ya dukani, anachungulia juu ya mabega ya watu. Akiulizwa swali asilijue, hutazama viatu vyake. Hata hivyo ana mali moja ambayo bingwa hana, nayo ni muda. Bingwa hukaa na mgonjwa dakika chache, kwa sababu wodi nzima inamsubiri. Mwanafunzi hutumwa kuchukua historia ya mgonjwa mmoja, na anaweza kukaa naye asubuhi yote. Tena hajazoea, na kwa kuwa hajazoea anashangaa. Historia ya tiba inadaiwa mengi na mshangao huo.

Chukua kisukari. Mwaka 1869 mwanafunzi wa Berlin aitwaye Paul Langerhans, mwenye miaka 21, aliandika tasnifu yake juu ya kongosho. Alieleza kwamba katikati ya seli za kawaida za kiungo hicho aliona vikundi vya seli za aina nyingine, vimetawanyika kama visiwa baharini. Vinafanya kazi gani? Hakujua, naye aliandika wazi kwamba hajui. Baadaye akaugua kifua kikuu, akahamia kisiwa cha Madeira kutafuta hewa, na huko akafariki mwaka 1888 kabla hajatimiza miaka 41. Mwaka uliofuata, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho, na mbwa yule akapata kisukari. Mwanafunzi aliyeviona visiwa alikosa mwanzo wa jibu kwa mwaka mmoja.

Mfaransa Gustave Laguesse ndiye aliyevipa visiwa hivyo jina la Langerhans, mwaka 1893. Kisha, katika kiangazi cha 1921, daktari wa upasuaji Frederick Banting alipewa maabara na Profesa John Macleod huko Toronto, Kanada, ili ajaribu kutoa dawa kutoka kwenye kongosho. Alihitaji msaidizi. Wanafunzi wawili, Charles Best na Clark Noble, walirusha sarafu kuamua nani aanze, na Best akashinda. Alikuwa na miaka 22, ndiyo kwanza amemaliza shahada yake ya kwanza. Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa amebaki mifupa mitupu kwa kisukari, alidungwa dawa yao. Sindano ya kwanza haikumfaa sana. Mwanakemia James Collip akaisafisha dawa zaidi, na baada ya siku 12 mvulana akadungwa tena, sukari yake ikashuka. Dawa hiyo ni insulini, jina lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya kisiwa. Mgonjwa anayejidunga leo Tanga au Kisumu hutamka, bila kujua, kile alichokiona kijana wa Berlin.

Mifano ya namna hii ni mingi, na haiishi vizuri yote. Mwaka 1880 mwanafunzi wa Uppsala, Sweden, Ivar Sandström, alitangaza kwamba amekuta shingoni mwa binadamu tezi ndogo ambazo hakuna aliyewahi kuzieleza, zikiwa zimejificha nyuma ya tezi ya shingo. Leo tunajua kwamba ndizo zinazosimamia kiwango cha chokaa ya damu, ile tunayoiita kalisi. Sandström aliandika kwa Kiswidi, katika jarida la madaktari wa mji wake, na dunia ikapita bila kugeuka. Alifariki mwaka 1889 akiwa na miaka 37, miaka miwili kabla Mfaransa Eugène Gley hajaanza kuonyesha tezi zile zina kazi gani.

Jay McLean alibahatika zaidi kidogo. Mwaka 1916, akiwa mwanafunzi wa udaktari katika Johns Hopkins, Marekani, mwalimu wake William Howell alimpa kazi ya kuchunguza kitu kinachogandisha damu. Katika ini la mbwa McLean akakuta kinyume chake, kitu kinachozuia damu isigande. Mwalimu hakuamini. Kwa maelezo ya McLean mwenyewe, alikoroga dawa yake ndani ya chombo chenye damu ya paka, akakiweka mbele ya Howell na kumwomba amwite damu itakapoganda. Haikuganda. Kutokana na utafiti ule, ambao Howell aliuendeleza na wanafunzi wengine, ilipatikana heparini, ambayo mpaka leo hutumika kwenye upasuaji wa moyo na kwenye mashine za kusafisha damu za wagonjwa wa figo. McLean na Howell hawakumaliza vizuri suala la nani hasa mvumbuzi, na wanahistoria bado wanalijadili. Jambo la kuliangalia hapa ni lile la mwalimu: hakuamini, lakini alikipokea kile chombo.

Kati ya wanafunzi wote hawa, mmoja ana siku yake katika kalenda ya taifa. Tarehe 5 Oktoba ni Siku ya Tiba nchini Peru, na ni siku aliyokufa Daniel Alcides Carrión, mwaka 1885.

Carrión alizaliwa mwaka 1857 Cerro de Pasco, mji wa migodi ulio juu sana katika milima ya Andes. Katika mabonde ya milima hiyo watu waliujua ugonjwa unaotoa vinundu vyekundu mwilini, vinavyovuja damu vikiguswa. Waliuita verruga. Uliwasumbua watu, lakini wengi walipona. Kisha, kuanzia mwaka 1870, ikaanza kujengwa reli ya kutoka Lima kupanda hadi La Oroya, na wajenzi wakaanza kufa kwa homa. Ilimpata mtu mzima mwenye nguvu zake, ikamnyonya damu mpaka viganja na midomo vikawa vyeupe, na baada ya wiki chache akazikwa. Wajenzi waliokufa walihesabiwa kwa maelfu. Ugonjwa ukaitwa homa ya Oroya, na madaktari wakabishana: je, homa hii na vile vinundu ni magonjwa mawili, au ni mmoja wenye nyuso mbili?

Carrión alikuwa mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha San Marcos, Lima. Nchi ilikuwa imetoka vitani, mji mkuu ulikuwa umekaliwa na jeshi la Chile, na chuo kilikuwa hoi. Hata hivyo alitembea wodini na daftari, akiandika historia za wagonjwa wa verruga mmoja baada ya mwingine. Alitaka kujua ugonjwa unaanzaje, kabla vinundu havijatokeza, na hilo hakuna mgonjwa aliyeweza kumweleza sawasawa. Mgonjwa humfikia daktari akiwa ameshaugua. Mwanzo wake haukuwa na shahidi.

Basi akaamua awe shahidi mwenyewe. Asubuhi ya 27 Agosti 1885, katika hospitali ya Dos de Mayo, alikwenda kwenye kitanda cha mgonjwa wa miaka 14 aliyekuwa na kinundu usoni. Walimu na rafiki zake walimsihi asifanye. Alijaribu kujichanja mwenyewe, mkono ukamsumbua, na mwishowe daktari kijana, Evaristo Chávez, akamsaidia. Damu ya kinundu iliingizwa kwenye mikono yake yote miwili.

Kwa wiki tatu hakuna kilichotokea. Tarehe 17 Septemba alianza kuumwa. Aliandika kila kitu: baridi, homa, maumivu ya mifupa, usingizi uliokimbia. Daftari lake ni la mtu anayemtazama mgonjwa, na mgonjwa ni yeye. Tarehe 26 akashindwa kushika kalamu, akawaomba wanafunzi wenzake waendelee kuandika. Damu ilimwisha mwilini kama ilivyowaisha wajenzi wa reli, na hapo akatambua. Aliwaambia waliokuwa kitandani pake kwamba mpaka siku hiyo alidhani anaingia katika verruga tu, kumbe alikuwa na homa ile ile iliyomuua rafiki yao Orihuela. Alichanjwa kwa kinundu, na akashikwa na homa ya Oroya. Ugonjwa ni mmoja. Alikufa usiku wa 5 Oktoba, na miaka 28 yake.

Miaka 20 na ushei baadaye daktari wa Peru, Alberto Barton, alikitambua kidudu chenyewe ndani ya chembechembe nyekundu za damu, na ukoo wa bakteria hao sasa unaitwa Bartonella. Ikafahamika pia kwamba huenezwa na mdudu mdogo arukaye, jamii ya usubi. Ugonjwa kwa ujumla wake huitwa ugonjwa wa Carrión, na leo unatibika kwa dawa za antibiotiki. Daraja la reli lililokuwa likiitwa Verrugas limepewa jina lake.

Ni hadithi inayomtia mtu simanzi na heshima kwa pamoja, na ingekuwa kosa kuisimulia kama ushujaa mtupu. Kijana alikufa kwa ajili ya jibu, na waliomzunguka walijua hatari ile. Hakukuwa na chombo cha kumwambia hapana, wala cha kumuuliza kama ipo njia nyingine. Vyombo hivyo vimekuja baada ya maovu makubwa zaidi, hasa ya madaktari wa Kinazi waliowafanyia wafungwa majaribio bila ridhaa. Kanuni za Nuremberg ziliandikwa mwaka 1947, Azimio la Helsinki likafuata mwaka 1964. Tanzania ilianzisha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kwa sheria ya mwaka 1979, mwaka ule ule Kenya ilipoanzisha KEMRI. Siku hizi mwanafunzi hafungui hata faili la mgonjwa kwa ajili ya utafiti kabla pendekezo lake halijapita kwenye kamati ya maadili na kupewa kibali. Wengi hulalamika kwamba kibali kinachelewa, na malalamiko yao yana haki yake. Lakini nyuma ya kila muhuri kuna mtu aliyewahi kuumia.

Katika Afrika Mashariki, shule ya tiba ya Makerere ilianza mwaka 1924, ya Dar es Salaam mwaka 1963, ya Nairobi mwaka 1967. Vyuo vimeongezeka tangu hapo, na katika vingi mwanafunzi hutakiwa afanye utafiti mdogo kabla hajahitimu. Vifaa vyake ni dodoso, fomu ya ridhaa, kalamu mbili, na mara nyingi pesa yake mwenyewe ya kutoa fotokopi. Mada hazina makeke: kwa nini wajawazito huchelewa kuanza kliniki, wauguzi wananawa mikono mara ngapi, wagonjwa wa presha wanazingatia dawa kiasi gani. Kuna watu hudharau tafiti za namna hii, wakisema ni za kupatia cheti. Wangekaa kwenye benchi la kliniki siku moja, wangeona zinakamata nini.

Tuseme ni kliniki ya presha, saa tatu asubuhi. Mwanafunzi anavuta kiti. "Shikamoo, mama." "Marahaba, daktari." Anaanza kueleza kwamba hajawa daktari, yeye ni mwanafunzi, na mama anacheka: "Basi mwanangu, uliza." Dodoso linasema: Je, unameza dawa kila siku? Mama anajibu ndiyo, kwa sababu ndilo jibu la heshima, na kisanduku kinawekewa alama. Maswali yanaisha, kalamu inawekwa chini, na hapo ndipo mazungumzo ya kweli huanza. Presha ikishuka, mama huacha dawa, maana amepona. Ikipanda huanza tena. Mwezi ukiwa mbaya humeza nusu kidonge ili zifike mwisho wa mwezi. Hakuna kisanduku cha hayo. Mwanafunzi mwangalifu atayaandika pembeni mwa karatasi, na maandishi yale ya pembeni pengine yana thamani kuliko jedwali zima.

Ugumu mmoja hauonekani kwa haraka, nao ni wa lugha. Miaka ya 1990 watafiti waliofanya kazi Bagamoyo walichunguza neno degedege. Hospitalini, mtoto mwenye homa kali anayekakamaa na kutupa mikono alihesabiwa kuwa na malaria kali. Kwa wazazi wengi, homa ya malaria ilikuwa kitu kimoja na degedege kitu kingine kabisa, kilicholetwa na shetani au ndege wa usiku. Walihofia kwamba mtoto wa degedege akidungwa sindano atakufa, hivyo walianza kwa mganga, na hospitali ikaja baadaye, wakati mwingine baadaye mno. Muuguzi aliyeuliza kuhusu malaria na mzazi aliyejibu kuhusu degedege wote walizungumza Kiswahili, na hawakuwa wamesikilizana. Kugundua hilo hakukuhitaji hadubini. Kulihitaji mtu akae chini, aulize neno lina maana gani kwa anayelisema, na asimkatize.

Kisha maneno yale husafiri. Mama ameeleza kwa Kiswahili, mwanafunzi anaandika tasnifu kwa Kiingereza, na tasnifu inapandishwa rafu ya maktaba. Wanafunzi wa Muhimbili wamejitahidi kuishusha kutoka rafu hiyo. Waliunda jarida lao, Dar es Salaam Medical Students' Journal, la kuchapa kazi za vijana ambao majina yao bado hayajulikani. Ni hatua ya maana, na wanastahili kusomwa na walio nje ya chuo. Lakini mganga mkuu wa kituo ambako takwimu zilichukuliwa mara nyingi hajui kilichopatikana, na mama wa benchini hajui kabisa. Sandström alifungiwa ndani ya lugha iliyosomwa na wachache. Sisi tuna tatizo lililogeuzwa: utafiti unafika mbali kwa lugha kubwa, halafu haurudi nyumbani. Kurasa mbili za Kiswahili, zikibandikwa ukutani pa kliniki ile ile au zikasomwa kwenye somo la afya la asubuhi kabla dirisha la dawa halijafunguliwa, zingetosha kuanza. Vyuo vingeweza kulifanya hilo kuwa sharti la kuhitimu, na gharama yake isingezidi ile ya fotokopi.

Walimu nao wana sehemu yao. Paget alipata wa kumwazima hadubini, McLean alipata mwalimu aliyebisha lakini akaipokea damu ile na kuitazama. Msimamizi mwenye wanafunzi wengi na wodi iliyofurika hana nafasi ya kumsomea kila mmoja ukurasa kwa ukurasa, na hilo halipaswi kugeuzwa kuwa lawama kwake peke yake. Ni suala la walimu wangapi wameajiriwa na wanapewa saa ngapi za kufundisha. Lakini mwanafunzi anayekuja na kitu kisichomo kwenye dodoso, akisema, "Mwalimu, wagonjwa sita wameniambia wanagawana dawa na jirani," anahitaji mtu wa kumjibu, "Kaa hapo. Wamesemaje hasa?"

Kwenye benchi la kliniki, mahojiano yamekwisha. Kwa utaratibu, mama anabaki na nakala ya fomu ya ridhaa. Imeeleza kwamba hakulazimishwa, kwamba jina lake halitatajwa, na kwamba angeweza kukataa na bado akapata matibabu kama kawaida. Chini kabisa kuna namba za simu: ya mwanafunzi, ya msimamizi wake, na ya kamati ya maadili. "Mkishapata majibu mtatuambia?" anauliza. Mwanafunzi anasema ndiyo. Mama anaikunja karatasi mara nne, anaifunga kwenye pindo la kanga pamoja na nauli ya daladala, na kuinuka kwenda kupanga foleni ya dawa.